Nyundo Mgongoni mwa Paskalia

Aliyesimulia habari hii kwa mara ya kwanza, toka mwanzo hadi mwisho, ni Martina Masalu, fundi cherehani wa Kagongwa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Juni 2023, siku ya kuanua matanga ya mama yake, Mbuke. Ndugu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakigawana nguo za marehemu, na chini kabisa ya sanduku likatoka gauni moja la zamani ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Martina alilishika, akaligeuza ndani nje kama mafundi wanavyofanya, akapitisha kidole kwenye mshono wa shingo. Kisha akaanza kusema. Hakuliweka gauni chini mpaka alipomaliza.

Kabla ya siku hiyo kila mmoja katika ukoo alikuwa na kipande chake. Yeye ndiye aliyekuwa na tarehe zote, kwa sababu alikuwa na daftari.

Ni daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: shingo, kifua, kiuno, mkono. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa dada yake mkubwa, Paskalia. Kwenye Pasaka ya mwaka 2018 alimshonea gauni la kitenge cha bluu, na akaandika: shingo inchi kumi na nne, mkono wa juu kumi na mbili. Paskalia alikuwa na miaka thelathini na minne. Aliishi machimboni, upande wa Bulyanhulu, na mumewe Edson Mabula na binti yao mmoja, Sesilia. Edson alikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na Paskalia aliwapikia vijana wanaoshuka chini.

Mwezi Agosti alikuja Kagongwa na gauni hilo hilo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Umenishonea la mtoto," alisema. "Kola haifungi."

"Mimi? Dada, usinitukane mchana huu. Unakula ugali wa wachimbaji, halafu unasingizia cherehani."

Walicheka. Martina akachukua utepe. Shingo ilikuwa inchi kumi na sita. Akapima mkono, akitegemea nao umenenepa, kwa maana mtu akinenepa hunenepa kote. Mkono ulikuwa kumi na nusu. Akapima tena. Kumi na nusu.

"Mbona umenyamaza?"

"Utepe umevutika. Nitanunua mwingine."

Utepe haukuwa na kasoro. Ila aliposimama nyuma ya dada yake, vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu chini ya shingo, nundu laini, ya moto kidogo, kama ya ndama. Na hapo juu ya nundu alisikia harufu ambayo haikuwa ya jasho wala ya sabuni: udongo mbichi wa chini ya ardhi, umechanganyika na baruti.

Huko machimboni watu walikwisha kuona. Uso wa Paskalia ulikuwa umekuwa duara na kung'aa, mashavu yamejaa mpaka macho yakawa madogo. Mwanzoni ilikuwa utani. Vijana wa shimoni walimwamkia kwa kelele, "Shikamoo Mama Sesilia! Shavu hilo limeshiba dhahabu, tugawie na sisi!" Naye aliwajibu kwamba wakilipia wali kwanza ndipo wazungumze habari za mashavu. Kisha Edson akapata dhahabu kweli, gramu nyingi kwa wiki moja, na utani ukakoma. Watu walianza kumpisha Paskalia njiani.

Sababu ya kumpisha ilikuwa hii. Machimboni mwanamke aliye katika siku zake hasogei kwenye duara. Husemwa kwamba mwamba unageuka mawe matupu. Edson alipofungua shimo jipya, mwezi Julai, alikwenda Tinde kwa mganga aitwaye Selestine. Mganga akamwambia kwamba chini pale ana makao yake jini mchimbaji, na kwamba anataka kupelekewa chakula saa sita ya mchana kwenye mdomo wa shimo, ugali na mboga isiyo na chumvi, na mbebaji awe mwanamke ambaye siku zake zimekatika lakini hajazeeka. Edson hakutafuta mbali. Siku za mkewe zilikuwa zimekatika. Hivyo kila mchana Paskalia alibeba sahani, akaiweka kwenye mdomo wa shimo, akageuka bila kutazama nyuma. Kila jioni sahani ilikutwa tupu. Panya, mbwa, nani ajuaye.

Watu walisema Edson amemwoza mkewe kwa jini ili apate dhahabu. Edson mwenyewe aliamini hivyo, na hakuweza tena kumtazama mkewe usoni.

Martina peke yake alilinganisha tarehe. Shimo lilifunguliwa Julai. Siku za dada yake zilikatika tangu Februari. Kama ni jini, basi alikuwa amekwisha kuingia ndani ya nyumba miezi mitano kabla ya kupelekewa sahani ya kwanza. Alimwambia mama yake hivyo. Mbuke, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alizidi kupembua mchele.

"Mambo haya hayahesabiwi, ng'wanawane, mwanangu," alisema mwishowe. "Yaache."

Mwezi Novemba Edson akapiga simu kwamba shemeji aje, Mama Sesilia halali. Martina akafunga kazi, akaenda.

Alimkuta dada yake amekaa kitandani, mchana, na khanga mabegani. Miguu ilikuwa imekonda kama ya kuku, tumbo limejaa. Ndevu nyembamba zilikuwa zimeota kidevuni. Alipofunua tumbo aonyeshe, Martina alirudi nyuma hatua moja: ngozi ilikuwa imechanika kwa ndani, michirizi mipana ya zambarau, toka mbavuni kushuka kiunoni, pande zote mbili, kama kucha zimepita.

"Yuko mgongoni," Paskalia alinong'ona. "Sesilia asisikie. Yuko mgongoni, anachimba."

"Nani?"

"Wewe lala hapa leo. Utamsikia."

Martina alilala pale. Dada yake hakulala. Alikaa akitazama ukuta, akiongea taratibu na mtu ambaye hakujibu, mara akilia, mara akicheka kidogo. Ilipofika kama saa tisa ya usiku Martina akasikia sauti ya kugonga. Alidhani kwanza ni vijana wako kazini, kwa sababu mashimo mengine huchimbwa usiku kucha na sauti husafiri ndani ya ardhi, lakini kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyojua kwamba haikutoka nje wala chini, bali ilitoka palepale kitandani, ko, ko, ko, nyundo ndogo juu ya jiwe, taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye kazi ya muda mrefu na asiye na msimamizi, na harufu ile ya udongo na baruti ikajaa chumbani mpaka akaona ulimi wake mwenyewe una ladha ya vumbi, na alipomshika dada yake mkono ili amsogeze kwake, Paskalia akapiga chafya, chafya moja tu ya kawaida, na ndani ya kifua chake kitu kikavunjika, ka!, sauti kavu kama kuni.

Ulikuwa ubavu.

Asubuhi kwenye mkono wa Paskalia kulikuwa na alama tano nyeusi za vidole. Jirani yao, Euphrasia, aliyekuja na uji, alipoziona aliweka kikombe chini akatoka bila kuaga. Kabla ya saa nne machimbo yote yalijua kwamba jini amemshika mke wa Edson usiku. Martina alisubiri chumba kiwe kitupu. Kisha akaweka mkono wake juu ya alama zile, polepole. Vidole vitano vikaingia mahali pake. Ni yeye aliyemshika, na hakumshika kwa nguvu. Hakumwambia mtu. Lakini tangu dakika hiyo alijua kwamba mwili wa dada yake ulikuwa umekuwa kitu kinachobomoka kwa kuguswa, na kwamba asipotolewa pale atakufa.

Alimpeleka Mwanza, hospitali kubwa, mwezi Januari. Mbuke alifuatana nao. Huko walipata daktari mmoja mwanamke, Juliana, kijana, mwenye kusema polepole. Alimtazama Paskalia uso, shingo, tumbo, akampima damu na mkojo, akampitisha kwenye mashine ya CT. Presha ilikuwa juu, sukari juu, pingili mbili za mgongo zimepondeka.

"Juu ya kila figo kuna tezi," aliwaeleza. "Hutengeneza homoni inayoitwa kotisoli. Kila mtu anayo, bila hiyo hatuishi. Tezi moja ya mgonjwa wenu ina uvimbe, na uvimbe huo unaimwaga kotisoli mchana na usiku. Ndiyo inayokula mifupa, ndiyo inayokondesha miguu, ndiyo inayonyima usingizi, na akili nayo inaivuruga. Siku zake pia, ndiyo iliyozikata."

Martina aliandika yote kwenye daftari, ukurasa wa Paskalia, chini ya vipimo.

Daktari akamsogelea Paskalia, akatazama midomo yake. Kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi, vinne au vitano, ambavyo nyumbani walizoea kuviita urembo.

"Hivi umezaliwa navyo?"

"Tangu mtoto. Na binti yangu anavyo."

"Kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuwa na uso kama huu? Mama, bibi, shangazi? Ugonjwa huu mara nyingine hutembea kwenye familia. Ni muhimu nijue."

Martina akamgeukia mama yake. Mbuke alikuwa anatazama sakafu.

"Hakuna," Mbuke alisema. "Hakuna hata mmoja."

Daktari akaandika: hakuna.

Paskalia akapasuliwa tarehe 12 Februari 2019. Uvimbe ulitoka, wenye ukubwa wa limau. Wiki tatu baadaye waliruhusiwa kurudi Kagongwa, na daktari akampa Martina kopo la vidonge vidogo vyeupe, viwili asubuhi na kimoja alasiri.

"Sikiliza vizuri, Martina. Ndani ya vidonge hivi kuna kitu kilekile kilichokuwa kinamwagwa na uvimbe."

"Kilekile?"

"Kilekile, ila kidogo, kwa kiasi. Tezi ya pili imelala muda mrefu, haijui kazi. Mpaka iamke, vidonge ndivyo vinavyomweka hai. Asiache hata siku moja. Akitapika, mlete mbio."

Martina aliandika hayo pia. Neno kwa neno, kama alivyozoea.

Nyumbani uso wa Paskalia ulianza kushuka. Alilala usiku. Alimcheka Martina kwa kupima shingo yake kila Jumapili: kumi na tano na nusu, kumi na tano. Lakini mgongo, ambao pingili zake zilikuwa zimekwisha kupondeka, haukuacha kumuuma, na mchana mmoja, cherehani ikiwa imesimama, alisema, "Bado yumo."

"Dada, wamemtoa. Uvimbe niliuona mwenyewe kwenye chupa."

"Wametoa nyumba yake. Yeye anagonga bado. Sikiliza."

Martina alisikiliza. Hakujua kama alisikia.

Edson akamleta Selestine toka Tinde. Alikuja na pikipiki, mtu mfupi, nadhifu, shati limepigwa pasi, akaamkiwa na Mbuke kwa heshima. Waliketi ukumbini wanne, na Paskalia kwenye kiti chenye mito. Mganga hakupiga kelele wala kuchoma ubani. Aliuliza tu walichoambiwa hospitali. Kwa kuwa Martina ndiye aliyekuwa na daftari, akasoma. Alisoma sawasawa, hakupunguza wala kuongeza. Alipofika kwenye vidonge, mganga akainua mkono.

"Rudia hapo, mama."

"Ndani ya vidonge kuna kitu kilekile kilichokuwa kinamwagwa na uvimbe."

"Kilekile?"

"Ndivyo alivyosema."

Selestine aliwatazama mmoja mmoja. "Basi mnanishangaza. Mmemfukuza mgeni ndani ya nyumba, halafu kila asubuhi mnamwekea sahani mlangoni. Atakwendaje?"

Edson aliinamisha kichwa, kwa maana alijua habari za sahani.

"Lakini daktari alikataza kuacha," Martina alisema. "Alisema ndivyo vinavyomweka hai."

"Vinamweka hai nani?" mganga aliuliza.

"Siku saba tu," Mbuke akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Siku saba dawa ya hospitali ipumzike, yeye afanye yake. Kisha utampa. Martina, mimi mama yako nakuomba."

Martina akamtazama dada yake. Kama Paskalia angesema hapana, ingekuwa hapana. Paskalia alikuwa ameshika mgongo kwa mkono mmoja.

"Nimechoka kumsikia, mdogo wangu," alisema. "Mnyime chakula. Siku saba."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 18 Machi. Martina alichukua kopo akalifungia kwenye droo ya cherehani. Ufunguo akautia shingoni mwake.

Jumanne jioni Paskalia alitapika. Mganga, aliyekuwa amebaki akimpaka dawa mgongoni, alisema jini anatapishwa njaa. Jumatano hakuweza kukaa. Akiinuliwa macho yanapotea, jasho la baridi linamtoka, tumbo linamkata. Mganga alisema jini anafunga virago. Na kweli, Jumatano hiyo, saa kumi alasiri, saa ya kidonge kimoja, Paskalia alifungua macho akatabasamu.

"Ameacha," alisema. "Martina, kimya kabisa. Hagongi."

Mbuke alipiga kigelegele, kimoja, akakikatiza katikati kama mtu aliyekumbuka jambo.

Alhamisi saa sita ya mchana Paskalia alikuwa haitiki. Martina hakumuuliza mtu. Alivunja droo kwa mkasi, ufunguo ukining'inia shingoni, akasaga vidonge vitatu kwenye kijiko, akamtia mdomoni; vikarudi vyote. Akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa barabarani, Donatus, wakamkalisha Paskalia katikati, Martina nyuma akimkumbatia, wakashika njia ya Kahama katika jua kali. Hakuwa na uzito. Kifua cha Martina kilikuwa kimebanwa kwenye mgongo wa dada yake, na malori yakipita na vumbi likipanda na Donatus akipiga kelele "Mshike, mama, mshike!", alihisi, kupitia mifupa ya mwenzake hadi kwenye mifupa yake, ko, ko, ko, taratibu, bila haraka, ikidhoofika kila walipovuka daraja, na hakujua wala hajui mpaka leo kama ulikuwa moyo wa Paskalia, au wake, au yule wa siku zote, na mahali fulani kabla ya kuona mabati ya kwanza ya mji ilinyamaza, na alichoendelea kukishika kilikuwa kimya.

Mganga alikuwa ameondoka waliporudi na mwili wa Paskalia. Alimwachia Edson maneno kwamba jini ametoka, ila amechukua alichokijia.

Hayo ndiyo aliyoyasimulia Martina kwenye mkeka, mbele ya Edson, mbele ya kaka yake Luka, mbele ya Sesilia aliyekuwa na miaka kumi na minne. Kisha akawaonyesha gauni.

Lilikuwa gauni la bibi yao, Lusia, mama yake Mbuke; jina lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi ndani ya pindo. Ukoo ulijua tu kwamba Lusia alifariki mwaka 1987, na kwamba Mbuke hakupenda kuulizwa. Luka, ambaye ni mkubwa wa wote, sasa akasema alichokisikia utotoni: bibi alinenepa uso, akaota ndevu, akapinda mgongo, watu wakamwita mchawi, na alfajiri moja wakaja na mapanga. Mbuke aliwahi kutoroka na watoto wake. Alificha habari za uso ule maisha yake yote ili mabinti zake wasije wakaitwa uzao wa mchawi. Ndiyo sababu alimwambia daktari hakuna.

Martina akaligeuza gauni ili wote waone mshono. Shingoni kilikuwa kimeongezwa kipande cha kitambaa, kwa mkono, kisha kipande cha pili. Mikono ilikuwa imepunguzwa, kisha ikapunguzwa tena. Mtu alikuwa amefuata mwili ule ukibadilika, mwezi kwa mwezi, kwa sindano.

Watu walipoondoka Martina alimwita Sesilia, akamsimamisha dirishani ampime sare ya shule. Ilikuwa saa nane mchana. Vidoa vilikuwa midomoni mwake, kama vya mama yake. Utepe ukazunguka shingo. Cherehani ilikuwa imesimama, nyumba imetulia.

"Mama mdogo," Sesilia alisema, akigeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza ukuta. "Nani anagonga?"

Jumatatu yake walipanda basi kwenda Mwanza kwa Daktari Juliana, na gauni la Lusia walilibeba.

Mbuke ni marehemu, kama ilivyosemwa. Euphrasia, jirani wa uji, alifariki mwaka 2021. Edson Mabula yu hai. Aliacha machimbo, analima mpunga, na hali mboga isiyo na chumvi hata akiugua. Luka yu hai. Donatus yu hai. Selestine wa Tinde yu hai, na bado wanamfuata. Martina yu hai, hashoni tena nguo zenye kola. Sesilia yu hai. Hupimwa hospitali kila baada ya miezi mitatu, na nyumbani kila Jumapili. Mwezi uliopita shingo yake ilikuwa inchi kumi na mbili na nusu. Jumapili hii ni kumi na tatu, na Martina amekwisha kununua utepe mwingine.